Msumeno Unaowaita Kulungu

Jumatatu, 4 Novemba

Kuna mwanamke mwenye furaha kuliko mimi katika bonde hili? Sidhani. Ni wiki tatu tangu Padri atufungishe ndoa, na bado kila asubuhi namtazama Normand wangu kama mtu aliyeokota kitu cha thamani njiani, anayeogopa mwenye mali asije akakidai. Analala mdomo wazi kama mtoto. Hata akioga kwa sabuni ya magadi ana harufu ya utomvu wa miberoshi, na sasa mito yetu yote inanukia msitu. Mwalimu wangu wa sekondari alituambia msichana aliyesoma aandike siku zake ili asipoteze raha alizopewa. Basi naandika.

Tunaishi chumba cha juu kwa baba mkwe, Mzee Onias. Yeye analala chini karibu na jiko kwa ajili ya mapafu yake. Chumba cha pili cha chini ni cha Valmont, kaka mkubwa wa Normand, ambaye hajaoa. "Mimi nani atanitaka, shemeji," ananiambia. "Mzuri wa nyumba hii alikuwa mmoja tu, na wewe umeshamtia mfukoni."

Ninampenda sana huyu shemeji. Ana mdomo, lakini ananichekesha.

Ijumaa, 8 Novemba

Msimu wa kuwinda umeshika moto. Milio ya bunduki toka alfajiri. Kila mwaka Valmont ndiye huwa wa kwanza parokiani kutundika kulungu kwenye mti wa mbele ya nyumba, watu wakienda kanisani wamwone. Mwaka huu mti uko mtupu. Pale kwenye mgongo wa kilima alipokuwa akikaa baba yake, na babu yake kabla ya hapo, kampuni ya mbao ilipitisha barabara majira ya joto na kukata kila kitu. Njia za kulungu zimehama. Valmont anakaa pale kutwa nzima na bunduki mapajani, anatazama visiki.

Jumanne, 12 Novemba

Lazima niandike hili vizuri.

Nilimpelekea Normand chakula chake msituni: ploi, zile chapati laini za ngano nyeusi, bado za moto ndani ya taulo. Anakata kule nyuma ya mashamba ya viazi, penye chepechepe, ambako mierezi na miberoshi imesongamana hadi theluji inabaki juu ya matawi. Wazee wanapaita Zizi, kwa sababu kulungu wa upande huu wote huja kujificha pale baridi inapozidi. Msimamizi wa kampuni anataka Zizi lote liwe chini kabla ya matope ya masika.

Normand alinikalisha juu ya gogo, akaweka kidole mdomoni. Kisha akavuta kamba ya msumeno wake wa injini. Kelele zile! Nikaziba masikio. Akakata mberoshi mrefu, ukaanguka kwa kishindo, ndevu za kijani, ile kuvumwani inayoota kwenye miti mizee, zikatikisika kwenye matawi ya kileleni. Na kabla theluji iliyorushwa haijatua, wakatokea. Kulungu! Jike na watoto wake wawili, kisha majike mengine, kisha dume lenye pembe. Hawakuogopa. Walikuja moja kwa moja kwenye kilele cha mti, ambacho mnyama hangekifikia milele ungali umesimama, wakaanza kula zile ndevu.

"Wanaijua sauti yake," Normand aliniambia sikioni. "Nikiwasha tu, wanakuja. Kwao ni kengele ya chakula."

Nilimbusu mbele yao wote. Nilijiona kama niko kwenye harusi yetu tena, na wageni wenye macho makubwa meusi wamekuja kula.

Jumapili, 17 Novemba

Kwenye ngazi za kanisa walimfanyia Valmont dhihaka. "Valmont, tundika basi hata paka!" "Mwacheni, anawinda visiki. Nimesikia kimoja kilimkimbia!" Alicheka nao. Niliuona mkono wake ukikunja na kukunjua ngumi mfukoni.

Jumatano, 20 Novemba

Mvua ya barafu. Nimefuma soksi moja.

Jumamosi, 23 Novemba

Kulungu ametundikwa mbele ya nyumba, dume kubwa, kichwa chini, ulimi nje. Majirani wamekuja kumshika pembe. Mzee Onias alitoka na blanketi mabegani akampiga Valmont mgongoni kwa furaha mpaka akakohoa.

Normand alirudi jioni. Alipoufikia ule mti aliutazama mdomo wa mnyama. Kulikuwa na kitawi cha mberoshi kimebanwa kwenye meno.

"Umempigia kwangu," alisema.

"Msitu ni wa kampuni, bwana mdogo."

"Ulikaa nyuma ya rundo langu la magogo. Alikuwa anakula, Valmont."

"Sasa ulitaka nimsubiri amalize na afute mdomo?"

Watu wakacheka. Na mimi nikacheka, Mungu anisamehe, kwa sababu ilichekesha. Normand hakucheka. Juu chumbani nilimwomba msamaha kwa namna ambayo siwezi kuandika hapa, naye akanisamehe.

Jumamosi, 30 Novemba

Mwisho wa msimu leo. Bunduki zinasafishwa. Amani sasa.

Jumatatu, 9 Desemba

Si amani.

Valmont ameutoa ghalani msumeno wa zamani wa Normand, akautengeneza. Sasa anaingia nao msituni pamoja na bunduki. Hakati mti wowote. Anauwasha, anauweka juu ya kisiki, anauacha ungurume taratibu, naye anakaa nyuma ya rundo la theluji akisubiri. Wanakuja kwake kama wanavyokuja kwa mume wangu. Wana njaa, theluji imefika magotini, na wameshafundishwa kuwa sauti ile ni chakula.

Nimejifunza kutofautisha nikiwa hapa jikoni. Msumeno unaofanya kazi unapanda na kushuka, unalia ukiingia kwenye mti, unanyamaza, kisha kishindo. Ule wa Valmont unanguruma mfululizo bila kupanda, kama paka mnene. Kisha bunduki. Kisha unazimwa.

Mzee Onias akiusikia anasema, "Yule anawaita tena." Yeye mwenyewe alimfundisha mwanawe kufuata unyayo, kusoma upepo, kupiga mara moja tu.

Jumapili, 15 Desemba

Lazima niandike na hili.

Jana Normand alikuta jike linajikokota kwenye njia yake ya kuburuzia magogo. Risasi ilikuwa imempasua tumbo, na alikuwa akikanyaga matumbo yake mwenyewe kwa kwato za nyuma. Nyuma yake mtoto wa mwaka huu anamfuata, anasimama akisimama. Normand hakuwa na bunduki. Alimmaliza kwa shoka. Aliniambia ilimbidi apige mara mbili kwa sababu mara ya kwanza alifumba macho.

Leo baada ya Misa, hata kabla ya kuvua koti, aliingia jikoni akamkuta Valmont anakula. Alimshika nywele akambamiza uso kwenye sahani. Sahani ikapasuka. Valmont akainuka na kipande cha sahani kimesimama kwenye shavu, akamrukia. Waliangusha meza, waliangusha sanduku la kuni. Mzee Onias alikuwa akipiga fimbo yake ukutani akipaza sauti, "Nyumbani kwangu! Nyumbani kwangu!" Nilimwona Normand wangu, mwanaume anayeniwekea mguu wake wa joto juu ya miguu yangu ya baridi, amemkalia kaka yake kifuani, anampiga, anampiga, na damu inaruka mpaka kwenye unga wangu.

Niliwamwagia maji ya baridi. Kama mbwa.

"Na ukienda tena," Normand alisema akihema, "nitakuacha huko huko ulipo."

Valmont akatema jino. "Wewe ndiye unayewaita, bwana mdogo. Mimi naazima sauti tu."

Nimemfunga mume wangu vidole vilivyochubuka usiku huu. Nilimpenda na nilimwogopa, na sikujua kuwa vitu hivyo viwili vinaweza kukaa kitanda kimoja.

Jumatano, 25 Desemba

Misa nzuri. Pai ya nyama. Hawasemeshani.

Jumatano, 1 Januari

Asubuhi ya Mwaka Mpya, kabla mtu hajatia kitu mdomoni, familia hupiga magoti mbele ya baba, na mtoto mkubwa ndiye anayeomba baraka kwa niaba ya wote. Kwetu alikuwa dada yangu. Hapa ni Valmont.

Alipiga magoti, kovu la shavu bado jekundu. Mimi nikapiga magoti nyuma yake. Mzee Onias alikuwa amevaa tai yake ya pekee.

"Baba," Valmont alisema, "naomba utubariki sisi wanao."

Normand alikuwa amesimama mlangoni. "Mimi asiniombee yule."

"Piga magoti," Mzee alisema.

"Jana amewaua wawili, Baba. Nyama ya mmoja ameiacha ioze. Mikono ile isiniombee."

"Normand, mpenzi, tafadhali," nilisema.

Valmont akageuka akiwa bado chini. "Mwambieni aseme na yeye. Aseme nani analikata Zizi. Mimi naua mmoja mmoja. Yeye atawaua wote masika ikifika, na analipwa, na anajiona mtakatifu!"

Normand alimpiga teke la mbavu pale pale alipopiga magoti. Nilisikia mbavu zikilia. Valmont alishika chuma cha kuchochea moto, akakizungusha, kikampita Normand na kumpata Mzee kwenye mkono, ule mkono aliokuwa ameanza kuuinua.

Mzee Onias aliutazama mkono wake, akaurudisha mapajani taratibu.

"Mwaka huu hakuna," alisema.

Sijawahi kusikia kwamba nyumba imeuanza mwaka bila baraka. Mama yangu nikimwambia atalia. Sitamwambia.

Alhamisi, 9 Januari

Theluji imefika kiunoni. Normand anachelewa kurudi kwa sababu, akishamaliza kazi ya kampuni, anakata miti mibovu isiyofaa mbao na kuilaza karibu na njia, kwa ajili ya kulungu tu. Nimempenda upya kwa hilo. Nilimwambia hivyo huku nikimsugua mgongo.

"Usinisifu, Odile," alisema. "Alichosema Valmont ni kweli. Nawalisha kwa kuwabomolea nyumba."

"Basi acha kazi."

"Niache, aje mwingine ambaye hata kilele hatawaachia?"

Niliendelea kusugua.

Jumamosi, 18 Januari

Baridi kali. Misumari ya ukuta inapasuka kwa mlio.

Jumanne, 28 Januari

Jana ilinyesha mvua, leo imeganda. Juu ya theluji kuna gamba linalobeba mbwa lakini halibebi kulungu. Kwato zao zinatoboa, wanazama hadi tumboni, gamba linawachana miguu kama vioo. Mbwa wa kijijini wamegundua. Tangu asubuhi nasikia wakibweka kule chini, sauti ya furaha, kisha sauti nyingine ambayo si ya mbwa. Sikujua kulungu analia. Analia kama mtoto mchanga.

Pale ambapo Zizi bado limesimama theluji ni ya kina kidogo na wanaweza kukimbia. Limebaki robo.

Valmont anaendelea na msumeno wake. Akirudi hanitazami machoni. Na mimi simwekei tena chakula, anajipakulia na kuondoka. Mwanaume niliyempenda kama kaka Novemba, leo nikisikia buti zake ngozi inanisisimka.

Jumatatu, 3 Februari

Kichefuchefu asubuhi. Sitaandika ninachotumaini.

Alhamisi, 6 Februari, na siku zilizofuata, kwa sababu siku yenyewe sikuweza

Asubuhi ile Normand aliondoka peke yake. Mwenzake anayeburuza magogo kwa farasi alikuwa amempeleka mnyama kutiwa viatu vya chuma. Alinibusu, akasahau glavu, akarudi, akanibusu tena.

Nilikuwa nakoroga unga wa ploi. Nilisikia msumeno wake ukipanda na kushuka, nikawa nafanya kazi kwa mdundo wake, kama kawaida yangu. Nilisikia mti ukianguka. Mwingine. Kisha mwingine, lakini kishindo chake kilikuwa kifupi, kama umekwama katikati. Baada ya hapo msumeno ulianza kunguruma mfululizo, taratibu, bila kupanda.

Mzee Onias aliinua kichwa. "Yule anawaita tena."

"Hana haya," nilisema. "Normand yuko pale pale anafanya kazi!"

"Hana."

Nilibamiza bakuli mezani. Nilisema, na lazima niliandike, nilisema kwa sauti, "Natamani umrukie umkate mguu." Mzee akanikemea kidogo. Tukaendelea. Nilimimina ploi ya kwanza. Ikatoboka vishimo vyake. Nikamimina ya pili. Nje ule msumeno unanguruma tu, na mimi nahesabu moyoni matusi nitakayomtukana Valmont akirudi.

Mlango wa ghalani ukafunguka. Valmont akaingia, mikono imejaa damu mpaka kwenye viwiko. Alikuwa huko akichuna.

"Shemeji, najua umenikasirikia, lakini ploi moja tu. Nimeganda."

Nilimtazama. Kijiko kikaning'inia mkononi.

"Uko hapa," nilisema.

"Niko hapa. Nimekuwa hapa toka..." Akageuza sikio upande wa mlango. Niliona rangi ikimtoka usoni kama maji yanavyotoka kwenye beseni. "Ule si wangu," alisema. "Wangu mnyororo umekatika toka juzi."

Sijui nilivaa nini. Nakumbuka tu tukikimbia kwenye shamba la viazi, viatu vya wavu vya kutembelea thelujini vinagonga gamba, Valmont mbele na shoka, mimi nyuma na aproni. Msumeno ulikuwa unatuita na sisi, wazi kabisa, mbele kidogo kulia. Nilikuwa nasema, usizimike, usizimike, Bikira Maria usiache uzimike.

Ukakohoa. Ukapanda kidogo, kama mtu anayevuta pumzi. Ukazimika.

Kimya kile sitakisahau. Tulikuwa tumeingia kwenye eneo lililokatwa, na kila upande ni sawa: marundo ya matawi, visiki, njia za kuburuzia zinazokatana. Upepo ulikuwa umefuta alama za miguu ya Normand. Tulimwita. Valmont alimwita mpaka sauti ikapasuka. Hakuna.

"Sauti ilikuwa wapi? Ilitokea wapi?" nilipiga kelele. "Kulia?"

"Sijui! Sauti inazunguka kwenye baridi!"

Kisha akapiga magoti. Nilidhani anasali, nikataka kumpiga. Lakini alikuwa ameweka vidole ndani ya shimo kwenye gamba. Shimo la kwato. Na pembeni lingine, na lingine, na hatua chache mbele mkondo mwingine wa nyayo unaungana na huu, wenye damu kidogo ya miguu iliyochanika.

"Mbichi," alisema. "Wote wanaelekea huku. Wameusikia kabla yetu, shemeji. Wanakwenda kula."

Tukawafuata kulungu.

Tuliwakuta wamezunguka mti mmoja, wengi kuliko nilivyowahi kuwaona, mbavu nje, manyoya yamesimama. Mberoshi ulikuwa umekwama kwenye mti mwingine, kitako chake kikaruka nyuma. Normand wangu alikuwa chini yake. Gogo lilikuwa juu ya mguu wa kulia, na juu ya kifua chake kulikuwa na matawi ya mti mwingine aliouangusha, na jike moja lilikuwa limesimama juu yake, linavuta zile ndevu za kijani kwenye tawi lililo karibu na uso wake. Alikuwa amelitazama. Macho yalikuwa wazi, midomo ya bluu.

Hawakukimbia. Valmont aliwarukia akiwapiga kwa ngumi, kwa mpini wa shoka, akiwatukana, nao wakasogea hatua mbili, wakasimama, wakarudi. Njaa ilikuwa imewatoa woga wote.

Theluji chini ya Normand ilikuwa nyekundu na imeyeyuka hadi kwenye udongo. Nilishika uso wake.

"Nilijua hamtakuja," alisema. Ulimi wake ulikuwa mzito. "Nilijua mtasema ni Valmont."

Valmont alisikia. Alikuwa ameshainua shoka. Akatoa sauti ambayo sijui niiite nini, akaanza kukata lile gogo, vipande vinaruka, analia kwa sauti, kamasi zinaganda kwenye masharubu. Kila pigo lilikuwa linapita kwenye mfupa wa Normand na kila pigo Normand alipiga yowe. Nilimfunga paja kwa mkanda wake, nikakaza kwa tawi kama tulivyofundishwa shuleni. Gogo lilipogawanyika na Valmont kuliinua kwa mgongo, nilimvuta mume wangu kwa makwapa, na mguu haukuja naye sawasawa. Ulibaki nyuma kidogo, kisha ukafuata.

Tulimburuta juu ya matawi hadi barabarani. Nilipogeuka, kulungu walikuwa wameshaufunika ule mti. Mmoja alikuwa analamba theluji yenye damu, kwa ajili ya chumvi yake.

Jumapili, 9 Februari

Hospitali ya mjini. Wameukata juu ya goti. Yu hai. Yu hai. Yu hai.

Ijumaa, 14 Februari

Mzee Onias aliletwa kwa gari la jirani, akikohoa njia nzima. Aliinua mkono, ule uliopigwa chuma, akambariki Normand kitandani. Akamgeukia Valmont. Valmont akavua kofia, akasema, "Mimi bado, Baba," akatoka nje kwenye baridi.

Normand alikuwa anatazama dari.

Jumatano, 19 Februari

Damu. Nilichokuwa natumaini kimetoka. Sijamwambia mtu.

Jumapili, 2 Machi

Tumerudi nyumbani. Kitanda tumekishusha chumba cha chini, na Valmont amehamia ghalani mwenyewe bila kuambiwa. Kila siku anaenda Zizini kumalizia sehemu ya Normand, na kila posho anaileta juu ya meza na kuondoka. Bunduki ameitundika ukutani kwetu. Ule msumeno wa zamani aliuvunja kwa nyundo, nilimsikia.

Normand hasemi. Namlisha, namwosha, nafunga kidonda, namsimulia mambo ya kijijini. Ameelekea ukutani. Nikimbusu ni kama nabusu mtu anayengoja nimalize. Nilikuwa na mume aliyekuwa akinibusu mara mbili kwa sababu ya glavu. Namtaka yule. Sitakubali mwingine.

Jumatatu, 10 Machi

Hasemi.

Jumamosi, 15 Machi

Mti wa mwisho wa Zizi umeanguka jana. Valmont alisema tu, "Limeisha, shemeji," akanawa mikono muda mrefu.

Alhamisi, 20 Machi

Hasemi. Kulungu wanakuja hadi mashambani, hawana pa kwenda. Wanakufa wamesimama, wanabaki hivyo kwenye theluji. Kunguru wanaanza na macho.

Jumatatu, 24 Machi

Leo adhuhuri, jua kali, gamba linang'aa. Valmont yuko barabarani anapakia magogo. Mzee amelala na homa. Nilikuwa namfunga Normand bandeji nikasikia mbwa nyuma ya ghala, karibu kabisa, na kile kilio.

Niliangalia dirishani. Jike, limezama hadi kifuani. Mbwa wanne, nawajua majina na wenyewe. Mmoja alikuwa ameshika pua, mwingine alikuwa nyuma ameingiza kichwa chote, analila likiwa hai. Lililia, likalia.

Normand aliziba masikio. Kisha mabega yake yakaanza kutikisika. Aligeuka kutoka ukutani, akajaribu kuinuka, akasahau, akaweka chini mguu ambao haupo, akaanguka sakafuni.

"Odile," alisema. Neno la kwanza tangu hospitali. "Bunduki."

"Huwezi."

"Wewe."

Nilimwegemeza dirishani, nikalifungua, nikaitoa bunduki ukutani. Alinionyesha wapi risasi zinaingia. Nilitoka na soksi. Nilisimama pembeni ya ghala, na sauti yake ilikuwa inanifuata kutoka dirishani, ya chini, kama anavyoongea na farasi.

"Wa nyuma kwanza. Weka kitako begani, usikiache wazi, kitakuvunja. Usivute. Finya. Toa pumzi, finya."

Nilimpiga yule wa nyuma. Ni mbwa wa Theriault mwenye duka, wa kahawia, ambaye mwaka jana alikuwa ananilamba mkono. Aliruka juu akaanguka akijiuma tumbo. Nilimpiga tena. Wengine wakakimbia, nikapiga na mwingine, nikakosa, nikamtukana.

"Sasa yeye," Normand alisema. "Nyuma ya sikio. Karibu. Usifumbe macho, mke wangu."

Sikufumba. Jike lilinitazama mpaka mwisho.

Tumbo lake lilikuwa limeshafunguliwa na mbwa. Ndani kulikuwa na wawili, wamekwisha umbwa, wana madoa meupe mgongoni na kope. Mmoja alikuwa bado anachezesha mguu. Niliwashika mpaka wakatulia. Nililia kwa sababu ya hao na kwa sababu ya wangu, ambaye sikumwona.

Nilirudi ndani nikiwa mwekundu hadi mapajani. Normand alikuwa bado amekaa sakafuni chini ya dirisha. "Wangapi?" aliuliza, akiangalia mikono yangu. Nilimwambia wawili. Kisha nikamwambia wa tatu, wa kwetu, yule wa Februari. Ilitoka yenyewe.

Alinivuta chini nilivyo, na damu yote. Alinishika kwa mikono yote miwili kwa nguvu mpaka kifua kikaniuma, akasema jina langu, akasema mengi, na mengi hayo ni yangu, siyaandiki.

Jioni Theriault alikuja na hasira kumwulizia mbwa wake. Nilimwonyesha alipo. Aliniona nguo, akatazama lile jike, akamburuta mbwa wake kwa mguu akaondoka.

Mbwa watatu wengine bado wako hai, na wenye nao hawatawafunga. Kesho jua litakuwa kali tena na watarudi. Bunduki nimeiweka mlangoni, imejaa. Normand ameniomba nimsogezee kitanda dirishani.